Dawa ya Msinziaji

Mtu akisinzia kazini tunamcheka: jana kakesha ngomani huyo! Wapo lakini ambao usingizi wenyewe ndio ugonjwa. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Jean-Baptiste Gélineau, alieleza habari za mfanyabiashara wa mapipa ya mvinyo aliyeshikwa na usingizi hata mara 200 kwa siku, na akicheka sana miguu inamlegea. Gélineau akaupa ugonjwa huo jina: nakolepsi.

Jina likapatikana, dawa hakuna. Miaka ya 1930 ilipoanza madaktari wakajaribu efedrini. Mwaka 1935 Prinzmetal na Bloomberg, huko Marekani, wakatangaza kwamba amfetamini inasaidia zaidi. Kidonge hakikumponya mtu. Kilimpa saa kadhaa za kukaa macho afanye kazi kama wenzake. Kwake hiyo si starehe jamani, ni riziki.

Wazima nao wakasikia. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya Uingereza na Marekani yaliwagawia askari amfetamini. Wajerumani walikuwa na Pervitin, ndugu yake aliye mkali zaidi. Vita vikaisha, vidonge vikabaki kwa madereva wa malori na wanafunzi wa mitihani. Wengi wakanaswa. Mwaka 1971 mkataba wa Umoja wa Mataifa ukaiweka amfetamini chini ya ulinzi mkali. Sawa kabisa, ila mgonjwa naye akajikuta anatazamwa kama mlevi.

Ikaja modafinili kutoka Ufaransa; Marekani iliiruhusu mwaka 1998. Mambo yakawa yale yale. Mwaka 2003 mkimbiaji Kelli White wa Marekani alishinda mita 100 na 200 katika mashindano ya dunia mjini Paris, vipimo vikaonyesha modafinili. Akajitetea kwamba ana nakolepsi. Mwaka uliofuata akakiri kutumia dawa zilizokatazwa, na medali zikamtoka. Sasa mgonjwa wa kweli akijitetea, nani atamsadiki?

Na ugonjwa upo. Tangu mwaka 2000 imejulikana kwamba wagonjwa wengi wamepungukiwa na oreksini, kemikali ya ubongo inayotuweka macho. Uvivu haumo humo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi ndugu yangu, kabla hujamwomba mwenzio kidonge kimoja tu cha kukeshea mtihani, jiulize kesho yeye atakaa macho kwa nini.