Kibaba cha Muuza Motokaa

Wazee wetu waliopima nafaka sokoni walitambua vibaba vya namna mbili. Kibaba cha mfuto ni kile kinachopitishwa kijiti juu ya mdomo wake, nafaka ikalingana na ukingo. Kibaba cha tele huachwa na kilima chake. Chombo ni kimoja na jina ni moja, walakini mtu anayelipa bei ya tele akapewa mfuto atafika nyumbani na upungufu, na muuzaji hakutamka uongo hata neno moja. Nakuomba, msomaji, uviweke vibaba hivi akilini, maana nataka twende pamoja kutazama matangazo ya motokaa ya karne ya 20, na huko tutavikuta tena na tena.

Tuanze na nguvu za farasi, kipimo kilichozaliwa sokoni. James Watt wa Uskochi, katika karne ya 18, alitaka kuwauzia watu mashine zake za mvuke, na wanunuzi wake walizoea kutumia farasi. Ilimpasa awaambie mashine moja ingefanya kazi ya farasi wangapi. Basi tangu siku ya kwanza farasi huyu alikuwa mlinganisho wa mfanyabiashara.

Motokaa zilipoanza kuenea Uingereza, serikali ilitaka kuzitoza kodi kwa kadiri ya nguvu zake, na mwaka 1910 ikaanza kutumia kanuni iliyotungwa na Royal Automobile Club. Kanuni hiyo ilihitaji mambo mawili tu: upana wa silinda na idadi ya silinda. Chukua upana kwa inchi, uuzidishe kwa upana huo huo, uzidishe tena kwa idadi ya silinda, kisha ugawanye kwa 2.5. Urefu wa safari ya pistoni ndani ya silinda haukuulizwa. Mwendo wa pistoni nao haukupimwa. Ilichukuliwa tu kwamba kila pistoni huenda futi 1,000 kwa dakika. Kuanzia mwaka 1921 kila farasi wa hesabu hii alilipiwa paundi moja kwa mwaka.

Shika kalamu ujaribu mwenyewe. Ford Model T ya Marekani ilikuwa na silinda 4, kila moja upana wa inchi 3.75. Utapata farasi 22 na nusu, na mwenye gari alilipa paundi 23. Kwa kweli injini ile ilitoa nguvu za farasi 20 tu. Sasa itazame Austin Seven ya Uingereza, iliyotokea mwaka 1922. Jina lake maana yake ni Saba, yaani farasi saba wa kodi. Lakini injini yake ndogo ilitoa farasi 10 hivi. Kwenye karatasi ya kodi Ford ni karibu mara tatu ya Austin. Barabarani ilikuwa mara mbili tu. Mtu aliyelinganisha magari kwa majina yake, Saba kwa Kumi, Kumi kwa Kumi na Mbili, alikuwa akilinganisha kodi huku akidhani analinganisha nguvu. Baadhi ya watengenezaji walionelea ni vema kuandika namba mbili pamoja. Alvis 12/50, kwa mfano, ilikuwa farasi 12 mbele ya mtoza kodi na farasi 50 mbele ya dereva. Kwangu mimi jina hilo lina uaminifu kuliko majina mengi ya wakati wake, ingawa nalo lilihitaji mtu wa kulifasiri.

Kipimo kibovu hakimdanganyi mnunuzi peke yake, bali humpotosha hata fundi. Kwa kuwa upana wa silinda ulitozwa na urefu haukutozwa, mafundi wa Uingereza walitengeneza injini zenye silinda nyembamba na ndefu, zilizokubaliana na kodi ya London kuliko na milima ya nchi nyingine. Hapa Kenya, katika miaka ya 1920 na 1930, walowezi wengi walichagua magari ya Marekani yenye injini pana na kuyajengea sanduku la mbao nyuma, kwa kuwa yaliweza kuhimili njia zetu za matope. Uingereza yenyewe iliachana na kanuni ile baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1948 motokaa mpya zikaanza kutozwa kodi ya namna moja.

Marekani kosa lilikuwa la upande wa pili. Uingereza mara nyingi ilimhesabu farasi pungufu. Marekani ilimhesabu kwa tele. Injini ilitolewa garini ikawekwa juu ya kitako cha majaribio, ikavuliwa feni, chujio la hewa na vyombo vingine vinavyokula nguvu, ikafungiwa mabomba ya moshi yasiyoibana pumzi. Ndipo ikapimwa, na namba iliyopatikana ikachapwa katika matangazo kwa herufi nene. Hakuna mtu aliyewahi kuendesha gari la namna hiyo, maana halikuwako. Wajerumani wakati huo huo waliipima injini ikiwa imevaa vyombo vyake, yaani kwa mfuto. Mnunuzi wa miaka ya 1960 aliyeweka tangazo la Kimarekani na la Kijerumani mezani pake, akazilinganisha namba mbili zilizoitwa kwa jina moja, alikuwa mbele ya vibaba viwili tofauti bila ya kuambiwa.

Ilipofika mwaka 1972 watengenezaji wa Marekani waliacha tele wakashika mfuto, na hapo siri ikawa wazi. Cadillac Eldorado ya mwaka 1970, yenye injini kubwa mno ya lita 8.2, ilitangazwa kuwa na farasi 400. Mwaka 1971 injini ilipunguzwa mbano ili iweze kutumia petroli isiyo na risasi, ikawa farasi 365; upungufu huo ulikuwa wa kweli. Mwaka 1972 ikaandikwa farasi 235. Farasi 130 waliotoweka kati ya 365 na 235 hawakufa, bali hawakupata kuwamo garini. Rolls-Royce, kwa upande wake, kwa miaka mingi ilikataa kabisa kutaja namba na kujibu kwamba nguvu zinatosha. Jibu hilo lina kiburi, lakini halina kibaba.

Ulinganisho mwingine ulichagua sauti. Mwaka 1958 David Ogilvy aliitungia Rolls-Royce tangazo mashuhuri lililosema kwamba gari likienda maili 60 kwa saa, kelele kubwa ndani yake ni ya saa ya umeme. (Wazo hilo halikuwa jipya, Pierce-Arrow ya Marekani ilijisifia mlio wa saa yake mwaka 1933.) Ford ikaipokea changamoto. Kwa magari yake ya mwaka 1965 iliwaajiri wataalamu wa sauti, Bolt Beranek and Newman, wapime kelele ndani ya Ford na ndani ya Rolls-Royce kwa maili 20, 40 na 60 kwa saa. Ford ikaonekana ina kimya zaidi, na nchi nzima ikatangaziwa.

Sidhani namba zile zilighushiwa. Ndiyo sababu nalihesabu tangazo hili kuwa la werevu kuliko yote niliyoyataja. Lakini Rolls-Royce iliyopimwa, Silver Cloud, ilikuwa ya umbo lililotoka mwaka 1955, na mwaka ule ule wa 1965 ilipokewa na Silver Shadow. Tena kilichopimwa ni kimya tu, gari likienda kwa mwendo usiobadilika. Msomaji wa gazeti hakukichukua kimya peke yake. Pamoja nacho alichukua ngozi, mbao, breki na umri mrefu wa Rolls-Royce, akavitia vyote katika Ford. Tangazo halikumwambia afanye hivyo, wala halikumzuia.

Wachoraji nao walikuwa na kibaba chao. Pontiac ilipotoa magari yenye magurudumu yaliyosogezwa nje mwaka 1959, Art Fitzpatrick na Van Kaufman waliyachora yakiwa mapana kupita jinsi yalivyokuwa kiwandani. Picha za namna hiyo ni nzuri kutazama, lakini si za kupimia.

Nimelibakiza jambo lililofika mahakamani, nalo ni la kioo. General Motors ilitia katika madirisha yote ya magari yake kioo kilichosagwa na kung'arishwa pande zote mbili. Magari mengine yalitumia katika madirisha ya pembeni na ya nyuma kioo kilichovutwa kama shuka na kuachwa vivyo hivyo, ambacho hupindapinda kidogo sura ya vitu. Tofauti hiyo ilikuwa ya kweli. Kampuni ya kioo, Libbey-Owens-Ford, ilitaka kuionyesha katika televisheni, lakini tofauti ya kweli haikuwa kubwa ya kumtikisa mtazamaji. Basi vioo viwili vikapigwa picha kwa namna zisizolingana, hata kile cha wenzao kikaonekana kibaya mno. Na mandhari safi iliyodaiwa kuonekana kupitia kioo kizuri ilipigwa picha dirisha likiwa limeteremshwa. Hapakuwa na kioo chochote.

Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ilileta mashtaka mwaka 1959. Kampuni zilijitetea kwamba kioo chao kilikuwa bora kweli, na kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Mahakama ya Rufani haikukubali utetezi huo mwaka 1965. Mtazamaji aliambiwa kwamba anashuhudia jaribio kwa macho yake mwenyewe, na jaribio lile halikufanyika. Ubora wa kioo haukuliponya kosa hilo.

Miaka 25 baadaye, mwaka 1990, Volvo ilionyesha lori la magurudumu makubwa likipita juu ya safu ya motokaa, zote zikapondeka isipokuwa Volvo. Picha zilipigwa Austin, Texas. Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Jim Mattox, aligundua kwamba Volvo ilikuwa imetiwa nguzo ndani ili paa lisibonyee, na nguzo za paa za magari mengine zilikuwa zimekatwa. Kampuni ililiondoa tangazo ikalirudishia jimbo gharama za uchunguzi, zaidi ya dola 300,000. Wakala wake wa matangazo, Scali, McCabe, Sloves, aliiacha kazi ya Volvo. Mwaka 1991 tume ile ile iliyokishughulikia kioo ikawashika wote wawili, na kila mmoja akalipa dola 150,000.