Mwanga Si Mng'ao

"Shimo jeusi" tulishalipokea na halina ugomvi tena, ingawa shimo tunalolijua ni mahali palipotolewa udongo, na hili la angani ni mahali palipojaa kupita kiasi. Lile la katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, limeshindilia ndani yake uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. Jina likae. Linalonikera mimi ni "galaksi hafifu".

Ukisikia hafifu unadhani ni kitu kidogo, chenye nyota za kuhesabika. Sasa itazame Malin 1, iliyotambuliwa mwaka 1986 na kupewa jina la David Malin, mpigapicha wa anga aliyefanya kazi Australia. Upana wake ni kama miaka nuru 650,000, mara kadhaa ya Njia Nyeupe, na mwanga wake wote ukijumlishwa si haba hata kidogo. Shida ni kwamba umetandazwa mno. Kijiko cha sukari kwenye kikombe cha chai utakisikia ulimini. Kijiko hicho hicho kwenye ndoo ya maji, nani atakitambua? Kila kipande cha sahani ya Malin 1 kina nuru ndogo kuliko weusi wa anga la usiku, ambao kwa kweli nao hung'aa kidogo.

Kwa hiyo tutenganishe: mwanga ni jumla ya nuru yote, mng'ao ni nuru ya kila kipande cha uso. Napendekeza "galaksi ya mng'ao hafifu". Ni refu, najua, lakini halimdanganyi msomaji.

Kutandazwa huko kunaligusa hata shimo jeusi la kitovuni. Galaksi hizi zina gesi tele, ila imekaa nyembamba, nyota huzaliwa kwa kusuasua, na mashimo yaliyopimwa katika nyingi ya galaksi hizi ni mepesi kuliko ukubwa wa wenyeji wao unavyodokeza. Katika Malin 1, gesi ya kitovuni hutoa mistari ya nuru inayoashiria shimo linalolishwa kidogo kidogo. Na kitovu hicho ndicho kinachong'aa kuliko sehemu nyingine zote, kiasi kwamba kwenye picha ya kawaida huonekana chenyewe tu, sahani yote ikiwa imepotea. Jicho linaanzia palepale tulipopaita peusi.