Wodi Isiyokuwa na Dawa Mpya

Leo tunazungumzia kiharusi, ule ugonjwa wa ghafla wa ubongo unaompinda mtu mdomo, ukamlegeza mkono na kumfunga ulimi.

Kwa miaka mingi, hata huko Ulaya, mgonjwa wa kiharusi alilazwa katika wodi yoyote yenye kitanda. Wengi waliona hakuna la kufanya ila kungoja.

Mwaka 1986, hospitali ya mji wa Trondheim nchini Norway ilifungua wodi ya kiharusi peke yake. Wagonjwa 220 waligawanywa kwa kura: nusu wakaenda wodi hiyo, nusu wakabaki wodi za kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 1991. Baada ya wiki 6, katika wodi za kawaida walikuwa wamekufa watu 19. Katika wodi ya kiharusi walikufa 8.

Siri haikuwa dawa mpya. Daktari, wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo walimhudumia mgonjwa kwa mpango mmoja. Homa ilishushwa, maji mwilini hayakuachwa yapungue, na mgonjwa hakuachwa alale tu. Maana mara nyingi anayenusurika siku za kwanza huuawa na mambo yanayofuata: nimonia, au damu iliyoganda mguuni. Ndiyo sababu wodi kama hizi humjaribu mgonjwa kumeza kabla ya kumpa chakula. Nawe ukimwona mtu amepinda mdomo, usimnyweshe uji wala chai. Inaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mwaka 1993, Peter Langhorne na wenzake wa Uskoti walijumlisha majaribio 10 ya namna hii, yenye wagonjwa zaidi ya 1,500. Jibu likawa lile lile: wodi hizi huokoa maisha. Ila mazoezi yana kiasi chake. Utafiti mkubwa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kumsimamisha mgonjwa mara nyingi mno katika saa 24 za kwanza kwaweza kumdhuru, kwa hivyo ngoja maelekezo ya hospitali.

Sasa kuna jambo la Edinburgh, huko huko Uskoti, ambalo mimi naona linatuhusu sana sisi walezi. Jaribio lililotangazwa mwaka 1980 lilikuta kwamba nusu ya waliotoka wodi ya kiharusi waliweza kujitegemea, lakini katika wodi za kawaida ni karibu thuluthi tu. Walipofuatwa baada ya mwaka mmoja, tofauti ile ilikuwa imetoweka! Sababu moja waliyoitaja watafiti ni kwamba jamaa wa nyumbani, kwa huruma, walimfanyia mgonjwa hata yale aliyoyaweza. Basi babu akiweza kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, mwachie afunge, hata akichukua nusu saa.