Jozi Nne na Noti Moja: Juu ya Kuchanganya Ngoma za Kiayalandi na Klezma

Neno klezma limetokana na maneno mawili ya Kiebrania, kle na zemer, yaani vyombo vya wimbo. Msemaji wa Kiswahili atalitambua shina la neno la pili bila kufundishwa, kwa kuwa ni z-m-r ile ile ya Kisemiti iliyotupatia zumari kupitia Kiarabu. Miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki waliozungumza Kiyidishi, neno hilo lilihama kutoka kwenye chombo likamshika mpigaji, na mwishoni mwa karne ya 20 likahama tena, likawa jina la muziki wenyewe. Ni muziki wa harusi, wa fidla, klarineti, filimbi na simbali ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti. Sikio lililolelewa na taarabu halishtuki linapousikia, maana ngazi yake maarufu, iitwayo freigishi, inakaribiana sana na makamu ya Hijazi.

Makala haya yanahusu kile kinachotokea muziki huo unapowekwa pamoja na muziki wa jadi wa Ayalandi, jambo ambalo wanamuziki wa Marekani na Ulaya wamelijaribu kwa namna mbalimbali. Swali langu si kama inaruhusiwa. Wanamuziki hawajawahi kungoja ruhusa ya wasomi. Swali ni mchanganyiko huo unasimama juu ya nini.

Hoja inayosikika mara nyingi ni ya machozi. Waayalandi walipatwa na njaa kuu kati ya 1845 na 1852, ambapo takriban watu milioni moja walikufa na wengine kama hao wakahama. Wayahudi wa himaya ya Urusi nao waliandamwa na mashambulizi yaliyopamba moto kuanzia 1881, na hadi Marekani ilipobana mlango wa wahamiaji mwaka 1924, karibu milioni mbili kutoka Ulaya ya Mashariki walikuwa wamekwisha kuvuka bahari. Basi, husemwa, watu waliolia kilio cha aina moja muziki wao hauwezi kukosa kupatana.

Hoja hii hupendeza kabla ya onyesho kuanza, lakini haimsaidii mpiga fidla hata kidogo. Huzuni haina ufunguo wala mapigo. Isitoshe, ngoma tunazozizungumzia si za matanga. Ni za harusi, za jikoni kwa jirani, za njia panda jioni ya majira ya joto. Na kama dhiki ingetosha kupatanisha muziki, ni mataifa gani mawili duniani ambayo yasingepatana? Hata historia yenyewe si laini kama inavyosimuliwa: mwaka 1904 mjini Limerick, Ayalandi, padri John Creagh alihubiri kwamba watu wasifanye biashara na Wayahudi, na familia kadhaa zikalazimika kuuhama mji huo.

Ushahidi wa New York unatufundisha zaidi. Katika biashara ya nyimbo za jukwaani, Waayalandi na Wayahudi walifanya kazi meza moja. Wimbo wa mwaka 1912 uitwao “If It Wasn't for the Irish and the Jews” uliandikwa na William Jerome, mwenye asili ya Ayalandi, na kutiwa muziki na Jean Schwartz, Myahudi mzaliwa wa Hungaria. Mwanamuziki na mtafiti Mick Moloney, aliyezaliwa Limerick, aliufufua katika albamu ya jina hilo hilo mwaka 2009. Lakini ukitoka kwenye nyimbo ukaingia kwenye ngoma, unakuta ukuta. Naftule Brandwein, bingwa wa klarineti ya klezma kutoka Galicia ya Ulaya ya Mashariki, alifika Marekani mwaka 1908. Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo, Ayalandi, alifika 1914. Dave Tarras, mpiga klarineti mwingine wa klezma, alifuata 1921. Wote walikaa mji mmoja na kurekodi santuri za dakika tatu tatu, ila santuri hizo zikauzwa katika orodha tofauti, kila jamii na yake.

Ukuta huo uliinuliwa na soko kuliko ulivyoinuliwa na muziki. Kampuni ya Columbia ilikubali kurekodi ngoma za Kiayalandi mwaka 1916 baada ya Ellen O'Byrne DeWitt, mwenye duka New York, kuahidi kununua nakala 500. Mwenye duka anajua wateja wake, na wateja wake walitaka cha kwao. Kwa hiyo tunachokiita leo mapokeo safi ni, kwa kiasi fulani, mpangilio wa rafu za duka. Santuri za Coleman zilirudi Ayalandi na kuwafanya wapigaji wa mikoa mingine waige mtindo wa Sligo. Upande wa pili, Walter Zev Feldman alionyesha katika makala yake ya 1994 jinsi bulgari, ngoma yenye chimbuko Bessarabia, ilivyopanda New York mpaka ikawa karibu ndiyo klezma yote. Rili, inayohesabiwa kuwa moyo wa muziki wa Ayalandi, ilitoka Scotland, na polka ilitoka Bohemia. Anayelalamika kwamba mchanganyiko unaharibu asili sharti kwanza atuambie asili ya mwaka gani.

Tuingie sasa kwenye ufundi wenyewe, maana hapo ndipo penye utamu na ndipo penye taabu.

Taabu ya kwanza ni ya noti. Ngoma za Kiayalandi zimejengwa juu ya vyombo vyenye mapenzi yao: filimbi ya bati yenye matundu sita na zumari ya kiriba, ile inayojazwa upepo kwa mvukuto unaobanwa na kiwiko. Vyombo hivi hupenda D na G, na zumari huvumisha D mfululizo chini ya kila kinachopigwa. Freigishi ya D inataka noti iliyo nusu toni tu juu ya mvumo huo. Mpiga filimbi ataipata kwa kuziba nusu tundu, na katika ngoma ya kasi nusu tundu ni kama kupita kwenye uzi.

Lakini ipo njia nyingine, nayo haitajwi inavyostahili. Waayalandi wanapenda ngazi ya Doriani, hasa ya E: E, F iliyopandishwa, G, A, B, C iliyopandishwa, D. Klezma nayo ina ngazi ambayo wanamuziki wake huiita kwa jina la sala ya sinagogi, mi sheberakhi. Ukiianzishia E, inafanana na ile ya Kiayalandi noti kwa noti isipokuwa moja tu: A inapanda nusu toni. Noti moja kati ya saba! Lakini noti hiyo inafungua pengo pana baada ya G, pengo la toni moja na nusu, na papo hapo chumba kizima kinahama kutoka magharibi ya Ulaya kwenda mashariki. Wapangaji wengine huogopa pengo hilo na kulisawazisha ili lahani zote mbili zifanane. Naona hilo ni kosa. Noti hiyo ndiyo mlango wenyewe. Ukiuziba, unabaki na vyumba viwili vilivyopakwa rangi moja.

Wala isidhaniwe kwamba vyombo vya Ayalandi haviwezi. Mwaka 1992 Andy Irvine, aliyezunguka nchi za Balkani akiwa kijana, na mpiga zumari ya kiriba Davy Spillane walitoa albamu “East Wind”, yenye ngoma za Bulgaria na Makedonia. Si klezma, lakini ilithibitisha kwamba zumari ya kiriba inaweza kwenda mashariki ikiwa mpigaji ana subira. Fidla haina shida hiyo tangu mwanzo. Hata kodiani ya Kiayalandi ya safu mbili, B na C, ina noti zote 12, ijapokuwa mkono unachoka kuvuta na kusukuma.

Taabu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, nayo ni ya vikorombwezo. Mpigaji wa Ayalandi akiukata mlio kwa kidole kinachogusa uzi na kuondoka, hakusudii noti ile ya mguso isikike kama noti. Anakusudia mgongo wa noti, kama kofi dogo. Kikorombwezo chake ni cha mdundo. Mpiga klezma ana krekhtsi, kwikwi ya kilio inayokatikia kooni, iliyotoka kwa waimbaji wa sinagogi ikahamia kwenye uzi na mwanzi. Kikorombwezo chake ni cha sauti ya mtu. Hapa wengi huteleza: wanajifunza lahani kwa siku tatu na kuipiga kwa lafudhi ya kwao, kama mtu anayeghani utenzi wa Lamu kwa matamshi ya bara. Maneno yote yapo, lakini mwenyeji anatabasamu kwa adabu tu. Sisemi lafudhi isichanganywe. Nasema achanganye anayezijua zote mbili.

Hata mgawanyo wa kazi si mmoja. Katika kikao cha Kiayalandi wote hupiga lahani ile ile kwa pamoja, kila mtu na madoido yake. Kundi la klezma la zamani lilikuwa na fidla ya pili ambayo kazi yake ilikuwa kukatakata mapigo chini ya kiongozi. Ukikutanisha makundi hayo mawili bila kupanga, unapata watu sita wanaoongoza na hakuna anayefuata.

Mapigo ndiyo yanayookoa hali. Rili huhesabiwa nane katika kila kipimo. Bulgari pia hubeba nane, ila huzigawa tatu, tatu, mbili. Weka mgawanyo huo chini ya rili, na wachezaji hawatajikwaa. Wapiga gitaa wengi wa Ayalandi siku hizi huutumia bila kufikiria bulgari hata kidogo. Na bulgari ikianza kumwaga noti zake tatu tatu, jigi ya Kiayalandi, inayohesabiwa tatu tatu, haiko mbali. Hora ya polepole ya klezma ndiyo isiyokubali. Ina mapigo matatu na la katikati limeachwa tupu, na nafasi hiyo tupu ni tamu kiasi kwamba kuijaza ni ukatili.

Nimeiacha hoja yangu kuu hadi sasa kwa sababu bila ufundi huo ingeonekana ya kubuni. Undugu wa kweli wa muziki huu uko sakafuni. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa na ngoma iitwayo sheri, maana yake mkasi, inayochezwa na jozi nne zilizojipanga mraba, zikibadilishana nafasi. Ilikuwa ndefu, na wapigaji waliunganisha lahani moja baada ya nyingine mpaka jozi zote zimalize zamu. Waayalandi nao wana seti, iliyotokana na kadrili za kumbi za Ulaya katika karne ya 19: jozi nne, mraba, kubadilishana nafasi, lahani zinazounganishwa. Shirika la kutetea lugha ya Kigaeli, Conradh na Gaeilge, lililoundwa 1893, liliziona seti hizo kuwa za kigeni na likapendelea ngoma nyingine. Wanakijiji wa Clare na Kerry waliendelea kuzicheza.

Susan McKeown wa Dublin na Lorin Sklamberg wa kundi la Klezmatics walipotoa “Saints & Tzadiks” mwaka 2009, waliunganisha nyimbo za Kiayalandi na za Kiyidishi, na kazi hiyo ina uzito wake. Lakini wimbo humwomba msikilizaji akae. Jaribio ninalolitamani ni la jozi nne ambazo zimesimama. Fidla inamaliza sehemu ya pili ya rili ya E kwa mara ya pili, vipimo vinane kamili. Gitaa linaanza kugawa tatu, tatu, mbili. Jozi ya kwanza imekwisha kuvuka, ya pili iko katikati ya mraba, na kidole kilichokuwa kikitua kwenye A kinasogea juu kidogo. Hakuna anayesimama.