Kusini Iliyojengwa na Waliokuja: Kakanda katika Historia ya Katanga

Ukitoka Likasi kuelekea Kolwezi, ukishaipita Kambove, msitu wa miombo hukatika ghafla hapa na pale na kuacha vilima vitupu vyenye majani mafupi tu. Miti haioti juu yake kwa sababu udongo umejaa shaba, na shaba ikizidi huwa sumu kwa mizizi. Ni mimea michache iliyoizoea sumu hiyo, na mmojawapo, Haumaniastrum katangense, huitwa ua la shaba. Wafua shaba wa zamani walijua kuvisoma vilima hivyo karne nyingi kabla mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet hajafika mwaka 1892. Kakanda, mji mdogo wa migodi kati ya Kambove na Fungurume, umezaliwa katika nchi ya vilima hivyo.

Katika siasa za Kongo, kusini mwa Katanga hutajwa kana kwamba kila mtu anajua maana yake: kuna watu wake, lugha yake, desturi zake na fahari yake. Ramani peke yake haielezi jambo hili. Manono iko kusini zaidi kuliko Kinshasa, lakini Wakatanga wote huihesabu kuwa kaskazini. Kinachoitwa kusini ni ukanda wa shaba unaopinda kutoka Kipushi na Lubumbashi, ukapita Likasi, Kambove, Kakanda na Fungurume, hadi Kolwezi. Ukanda huo ndio uliowapa watu maisha ya pamoja, na wengi wa walioyaishi walitoka mahali pengine. Kusini mwa Katanga ilijengwa na waliokuja. Kila mara wanasiasa walipotaka kuipima kwa damu na asili ya babu, waliikana historia iliyowazaa wao wenyewe.

Shaba kabla ya reli

Wasanga na majirani zao waliyeyusha shaba ya vilima hivi na kuimimina katika umbo la misalaba midogo. Wanaakiolojia wameifukua misalaba ya aina hiyo katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale katika bonde la Upemba, mbali sana kaskazini mwa migodi. Ilikuwa fedha, ilikuwa alama ya utajiri, na wafu walizikwa nayo. Maana yake ni kwamba tangu zamani shaba ya kusini ilikuwa mali ya kaskazini pia. Aliyechimba na aliyezikwa na shaba hiyo hawakuwa wa kijiji kimoja, wala pengine wa lugha moja, lakini waliishi ndani ya biashara moja.

Katikati ya karne ya 19 akaja Msiri. Alitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akiwa mfanyabiashara wa msafara. Akajenga mji mkuu wake Bunkeya, kaskazini mwa Likasi ya leo, na kuanzisha dola ya Garenganze. Wafuasi wake waliitwa Wayeke. Misafara yake ilibeba shaba, pembe za ndovu na watumwa kuelekea pwani ya Bahari ya Hindi na ile ya Atlantiki, na kwa njia za mashariki Kiswahili kiliingia nchini. Utawala wake ulikuwa mkali, na Wasanga waliuasi. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson, ofisa wa msafara wa William Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Bodson naye alikufa siku hiyo. Hata hivyo Wayeke hawakurudi Unyamwezi. Walibaki, wakaoa na kuolewa, na kizazi chao kikawa cha hapa.

Reli, posho na kambi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, nayo haikutoka Kinshasa. Ilitoka Rhodesia, ikiwa tawi la njia inayoanzia Afrika Kusini. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kiwanda ikayeyushwa. Mkaa wa mawe ulitoka Wankie, katika Zimbabwe ya leo. Unga ulitoka Rhodesia, na fedha za Kiingereza zilipita mkono kwa mkono sokoni. Wafanyakazi wengi wa kwanza waliandikishwa Rhodesia Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kwa miaka ile, uso wa Katanga ulielekea Ndola na Bulawayo zaidi kuliko mto Kongo, na mwelekeo huo haujafutika. Kutoka Lubumbashi hadi Lusaka ni karibu zaidi kuliko hadi Kinshasa, na mpaka leo saa ya Lubumbashi iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja.

Wabelgiji waliogopa ushawishi huo wa Waingereza. Katika miaka ya 1920 waliongeza kuandikisha watu kutoka Kasai, Lomami na Rwanda-Urundi, na kuanzia mwaka 1928 Union Minière ikageuza mpango wake wa kazi. Badala ya vijana waseja wanaokaa miezi michache na kurudi makwao, kampuni ilitaka wanaume wenye wake, wenye mikataba ya miaka mitatu, wanaoishi na watoto kambini. Mfanyakazi alipewa nyumba, posho ya chakula na matibabu, na watoto wakasomeshwa katika shule za wamisionari. Kila kitu kilipangwa, kuanzia uzito wa mtoto mchanga hadi saa ya kulala. Wafanyakazi walipogoma mwezi Desemba 1941 kudai mshahara, wanajeshi waliwafyatulia risasi katika uwanja wa Elisabethville na kuua makumi yao. Kampuni iliyojiita mzazi ilionyesha siku ile mipaka ya malezi yake.

Kakanda ilikua ndani ya mfumo huo. Palikuwa na mgodi, kiwanda cha kutenganisha madini na mawe, na kambi ya wafanyakazi. Mji ulihesabiwa katika kundi la kati la migodi, ambalo makao yake yalikuwa Likasi, iliyoitwa Jadotville tangu 1931 hadi 1966. Madini yaliyosafishwa Kakanda yalipelekwa viwanda vya Likasi kugeuzwa kuwa shaba na kobalti safi. Watu walifuata njia hiyohiyo, wakihamishwa na kampuni kutoka Kambove kwenda Kakanda, kutoka Kakanda kwenda Likasi, kutoka Likasi kwenda Kolwezi. Mtoto wa kambi angeweza kuzaliwa mji mmoja, kusoma wa pili na kuajiriwa wa tatu, na katika yote mitatu akakuta nyumba za namna moja, posho ya namna moja na lugha moja.

Lugha, gitaa na chakula

Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Hakuna kabila kubwa la kusini mwa Katanga lililokuwa nacho kama lugha ya mama. Kampuni, serikali na wamisionari walikichagua kwa kazi na shule, na mbegu yake ilikuwa imekwisha kupandwa na misafara. Lakini waliokifanya kiwe hai ni watu wa kambini. Mluba wa Kasai, Mbemba, Mlunda na Mnyarwanda walikutana kwenye bomba la maji, na watoto wao wakacheza pamoja kwa Kiswahili ambacho si cha Unguja wala cha Kisangani. Kinasema *bantu* palipo na *watu* na *njo* palipo na *ndiyo*, na kimechukua Kifaransa na Kibemba bila kuomba ruhusa. Mwaka 1965 André Yav, mtumishi wa nyumbani, alikitumia Kiswahili hicho kuandika historia ya mji wa Elisabethville kama ilivyoonwa na watumishi. Kabla ya hapo, mwaka 1953, padre Mfransisko Placide Tempels alianzisha karibu na Kolwezi jumuiya ya kiroho iliyoitwa Jamaa. Ilienea katika kambi za migodi, na mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili.

Muziki ulifanya kazi hiyohiyo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mjini Jadotville kijana mpiga gitaa aliyeitwa Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Kijana huyo, wa ukoo uliokuja na Msiri, aliimba kwa Kiswahili katika mji wa reli na viwanda, na namna yake ya kupiga gitaa kwa vidole ikaigwa hadi Nairobi. Hapa tunaiona kusini hii ikiwa kamili: babu kutoka Unyamwezi, mji wa kampuni, lugha ya njia za misafara, na gitaa lililoletwa na wageni.

Mezani nako ni vivyo hivyo. Bukari (ugali), sombe (kisamvu), kapenta (dagaa) na lengalenga (mchicha) viliunganisha nyumba ambazo makabila yao yalikula tofauti. Munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachuliwa kwa mizizi, na kikanda, kitoweo cha viazi vya okidi za porini, hupatikana pande zote mbili za mpaka wa Zambia. Mama wa Likasi na mama wa Kitwe wangeweza kubadilishana sufuria bila kuulizana la kupika.

Damu ikawekwa mizani

Kama maisha yalikuwa ya pamoja kiasi hiki, chuki ilitoka wapi? Ilitoka pale kazi, nyumba na vyeo vilipoanza kugawanywa. Waluba wa Kasai walikuwa wamepewa elimu na kazi za ukarani mapema, na wengine waliwaonea wivu. Katika uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957 hakuna hata mmoja wa mameya wanne wa Kiafrika waliochaguliwa Elisabethville aliyekuwa na asili ya Katanga. Oktoba 1958 ikaundwa CONAKAT, chama kilichodai kuwatetea Wakatanga halisi. Miongoni mwa vinara wake alikuwa Godefroid Munongo, mzao wa Msiri. Yaani aliyesimama kuwaamua wenyeji na wageni alitoka katika ukoo uliofika Katanga karne moja tu kabla.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa CONAKAT, alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Bendera ya nchi hiyo mpya ilichorwa misalaba mitatu ya shaba, ile iliyozikwa zamani na wafu wa Upemba. Lakini kaskazini haikukubali. Waluba wa Katanga waliomfuata Jason Sendwe katika chama cha BALUBAKAT waliasi, na vijiji vyao vikachomwa. Kujitenga kulidumu hadi Januari 1963, baada ya vita na majeshi ya Umoja wa Mataifa, pamoja na kuzingirwa kwa askari wa Ireland wa majeshi hayo mjini Jadotville mwezi Septemba 1961. Kusini iliyoigeuza shaba kuwa mpaka ilijikuta peke yake.

Kidonda cha pili kilikuja pale Gécamines, iliyorithi Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilipoanza kuanguka. Ilitoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na kabla ya muongo ule kwisha uzalishaji ulikuwa umebaki sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Katika njaa hiyo, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama chake waliwaita Wakasai wadudu. Kuanzia Agosti 1992 waliwafukuza Likasi, na mwaka uliofuata Kolwezi. Makumi ya maelfu walirundikana kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa. Watoto walikufa kwenye mabehewa na kwenye sakafu ya stesheni. Walirudishwa "kwao", mahali ambako wengi hawakuwahi kukanyaga.

Huo ulikuwa uhalifu, na inafaa uitwe hivyo darasani, kanisani na bungeni. Ulikuwa pia kosa la historia. Ukimwondoa Mkasai katika kambi za Likasi na Kakanda, unaondoa fundi, mwalimu na mwanakwaya. Ukimwondoa Mbemba, unaondoa nusu ya nyimbo. Ukimwondoa Myeke, huna Mwenda wala Munongo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu amekiita kitabu chake kuhusu familia za wafanyakazi hawa, kilichotoka mwaka 2001, kwa jina la watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wenye asili ya Katanga na wenye asili ya Kasai walitoka pamoja, na malipo yao yakaisha haraka kwa namna moja.

Kakanda ya sasa

Leo migodi ya Kakanda iko mikononi mwa Boss Mining, kampuni ya ubia kati ya Gécamines na wawekezaji wa nje. Mabaki ya kiwanda cha zamani, yaliyokuwa takataka, sasa yanathaminiwa kwa kobalti inayohitajika kwenye betri za magari ya umeme. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa mikoa minne. Likasi na Kambove zikawa Haut-Katanga, Fungurume ikawa Lualaba, na mpaka ukapita katikati ya watu waliozoea kuishi kama eneo moja. Wakati huohuo vijana kutoka Kasai wanakuja tena kutafuta riziki migodini, na maneno ya 1992 yameanza kusikika upya.

Ndiyo maana historia hii ni kazi ya leo. Anayeshuka sasa kwenye lori Kakanda akiwa na begi na jina la shangazi aliyemtangulia anafanya kile walichofanya wafuasi wa Msiri, waandikishwa wa Rhodesia na familia za mwaka 1928. Miaka ishirini ijayo watoto wake watazungumza Kiswahili cha Katanga, watakula bukari na sombe, na watahesabu saa kwa saa ya Lubumbashi. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa wa kusini hapa: kwa kazi, kwa lugha, kwa ujirani, na kwa kuzika na kuzaa katika ardhi hii. Atakayetaka kuilinda kusini mwa Katanga ailinde hiyo njia ya kuwa mwenyeji, kwa sababu bila hiyo kusini isingekuwapo.