Siku Kumi na Sita za Teignmouth

Desemba moja nikiwa Kilifi, nilizoea kukaa ufukweni jioni nikitazama mashua za tanga za wageni zilizotia nanga horini. Hakuna aliyekuwa akifanya jambo la kishujaa. Mmoja anaanika magodoro, mwingine anashona tanga, wa tatu anahesabu makopo ya maharagwe. Nikamuuliza mzee mmoja mvuvi wanaondoka lini.

"Wakiwa tayari, mwanangu."

Jibu hilo lilinikumbusha Donald Crowhurst, Mwingereza ambaye hakuwa tayari na bado akaondoka.

Mwaka 1968 gazeti la Sunday Times lilitangaza mashindano ya kuzunguka dunia kwa tanga, ukiwa peke yako, bila kusimama bandari yoyote. Atakayetumia siku chache zaidi angepata pauni 5,000. Siku ya mwisho kuondoka ilikuwa 31 Oktoba. Crowhurst alikuwa mtu wa elektroniki, ana kampuni ndogo inayosuasua, mke na watoto wanne. Baharini alikuwa mtu wa wikendi tu. Mfanyabiashara Stanley Best alikubali kugharamia mashua, lakini mkataba ulikuwa na meno: mambo yakiharibika, angeweza kuilazimisha kampuni ya Crowhurst iinunue. Yaani jamaa akighairi, amefilisika.

Mashua yenyewe, Teignmouth Electron, ilikuwa trimarani ya futi 40. Kama umewahi kuona ngalawa, umeshaielewa nusu: tumbo moja katikati na jingine kila upande. Kuitoa ilikojengwa Norfolk hadi mji wa Teignmouth, Devon, kulitarajiwa kuchukua siku 3. Kulichukua 13. Alifika 15 Oktoba, zikabaki siku 16.

Hizo ndizo siku ninazozirudia kila nikisoma habari zake. Sitaha imejaa mafundi, maboksi na watu wa kuaga. Rodney Hallworth, aliyekuwa akimtafutia umaarufu, anataka jina la mji lisikike. Kamera za BBC zinazunguka. Na Crowhurst alikuwa ameahidi maajabu: mashua ikilala ubavu, kompyuta ingetambua na kujaza hewa mfuko ulioko juu ya mlingoti ili isipinduke. Mfuko ulikuwepo. Waya za rangi rangi zilikuwepo pia, zimepitishwa vizuri chumbani hadi nyuma ya kiti, na hapo zikaishia. Hazikuunganishwa na chochote. Kompyuta ilikuwa bado kichwani mwake.

Mimi nimewahi kusimama mbele ya watu nikiwasilisha mradi ambao nusu yake ni waya za namna hiyo. Nadhani wengi wetu Nairobi tumewahi. Tofauti ni kwamba mimi nilirudi nyumbani kwa matatu.

Usiku wa mwisho, hotelini, alimwambia mkewe Clare kwamba mashua haifai. Clare akamuuliza kama akiacha sasa atajuta maisha yake yote. Hakujibu. Alilia mpaka asubuhi. Miaka baadaye Clare alisema anaamini mumewe alitaka amwambie asiende. Simlaumu hata kidogo. Swali lake lilikuwa la mtu anayempenda. Ila deni, kamera na mji mzima vilikuwa vimeshajibu kabla yake.

Alasiri ya 31 Oktoba aliondoka, akarudishwa karibu mara moja kwa sababu kamba zilikuwa zimenaswa kule mlingotini, kisha akaondoka tena, saa chache tu kabla ya muda kuisha.

Mengine yanajulikana. Mashua ilivuja. Hakutoka Atlantiki, akawa anatuma taarifa za uongo kwa redio kana kwamba anaizunguka dunia. Tarehe 10 Julai 1969 meli ya posta iliikuta mashua ikielea bila mtu. Robin Knox-Johnston, ambaye peke yake alimaliza, aliipa familia ya Crowhurst zile pauni 5,000.

Kule Teignmouth, wakati ule anaondoka, kulikuwa na rundo la vipuri nchi kavu ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvipakia. Na baharini, maji yalipoanza kuingia, Crowhurst aligundua kwamba mpira wa pampu wa kuyatolea haukuwa ndani ya mashua. Akachukua ndoo.