Kishikwambi Pekee Hakitoshi: Kumwezesha Mhudumu wa Afya Bonde la Kilombero

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni kiungo kati ya kaya na zahanati. Hutembelea wajawazito, watoto na wagonjwa majumbani, hutoa elimu ya afya, na anapobaini dalili za hatari hutoa rufaa. Tarehe 31 Januari, 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wenye lengo la kuwa na wahudumu 137,294 nchini ndani ya miaka mitano.

Kumbukumbu zilizokuwa zikiandikwa daftarini sasa zinahamia kwenye simu janja na vishikwambi. Kwa kifaa hicho mhudumu husajili kaya, huandika ziara na kufuatilia rufaa.

Katika Bonde la Kilombero, msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani, mbali na vituo vya afya. Mtoto akipata homa huko, kuchelewa kwa taarifa kunaweza kugharimu maisha yake. Mfumo unaofaa mazingira hayo ni ule unaohifadhi taarifa pasipo mtandao na kuzituma mtandao unapopatikana.

Hata hivyo, kifaa pekee hakileti mabadiliko. Mwaka 2021 hadi 2022, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara walifanya utafiti katika vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya. Watoa huduma katika nusu ya vituo hivyo walipewa vishikwambi vyenye mwongozo wa matibabu ya watoto, vipimo vya ziada na usimamizi wa karibu. Katika vituo hivyo, takribani asilimia 23 ya watoto waliandikiwa antibayotiki, ikilinganishwa na asilimia 70 katika vituo vingine, bila matokeo ya tiba kuzorota.

Funzo hilo linawahusu pia wahudumu wa majumbani. Wanahitaji mafunzo kwa vitendo na kwa Kiswahili, usimamizi shirikishi kutoka zahanati, uhakika wa kuchaji vifaa, na kuondolewa mzigo wa kuandika taarifa ileile mara mbili.

Kwa upande wa wananchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mwananchi ana haki ya kuelezwa sababu ya taarifa zake kukusanywa na matumizi yake. Naye anapaswa kutoa taarifa sahihi, na akipewa rufaa, afike kituoni bila kuchelewa.